Ushuru wa Kenya ukiwa ughaibuni: anza na ukaazi, fomu zitafuata

Mkenya akihamia ng'ambo, PIN yake, yaani nambari yake ya mlipa ushuru, hailali. Mamlaka ya ushuru, KRA, huendelea kuihesabu kuwa hai, na kila PIN yenye wajibu wa ushuru wa mapato inadaiwa ritani, yaani taarifa ya mapato na ushuru, kila mwaka, hata kama mwenyewe hakupata shilingi moja Kenya. Mwaka wa ushuru ni 1 Januari hadi 31 Desemba, na ritani yake inatakiwa kufikia 30 Juni ya mwaka unaofuata. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa.

Hayo wengi wetu tunayajua. Kinachotusumbua ni swali linalotangulia ritani yenyewe: je, mwaka huo ulikuwa mkaazi wa Kenya kiushuru, au hukuwa? Nimeona watu makini sana wakijaza kila fomu kwa uangalifu, lakini juu ya jibu lisilo sahihi la swali hilo, na kazi yote ikabidi ianzwe upya miaka mitatu baadaye, sasa ikiwa na riba juu yake.

Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, haiulizi kama una kibali cha kuishi nje wala kama umepata uraia wa pili. Inaangalia mambo matatu. La kwanza, una makao ya kudumu Kenya? Kama unayo, kukanyaga Kenya kwa kipindi chochote katika mwaka huo kunatosha kukufanya mkaazi wa mwaka huo. La pili, kama huna makao ya kudumu, ulikaa Kenya siku 183 au zaidi, hata kama si kwa mfululizo? La tatu, ulikuwa Kenya mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani wa zaidi ya siku 122? Ukijibu ndiyo kwa mojawapo, wewe ni mkaazi.

Kigezo cha kwanza ndicho kinachowanasa watu wa ughaibuni, kwa sababu wengi wanajua cha siku 183 pekee. Una nyumba yako Kitengela, fanicha ziko ndani, mlinzi analipwa, funguo anazo shemeji, na kila Desemba unakuja wiki mbili kula Krismasi na jamaa. Hizo wiki mbili zinatosha. Huhitaji kufika siku 183, kwa kuwa nyumba ipo na inakungoja wewe. Nyumba hiyohiyo ikiwa na mpangaji ndani kwa mkataba wa maandishi, nawe ukija unalala hotelini au kwa dada yako, hoja yako kwamba huna makao ya kudumu inakuwa na nguvu zaidi. Kwa hiyo mkataba wa upangaji wenye tarehe na saini ni ushahidi wa kiushuru, na unapaswa kuhifadhiwa hivyo. Chumba chako kwa wazazi kijijini ni jambo linalobishaniwa. Kama fedha zinazohusika ni nyingi, hapo ndipo inafaa kumlipa mshauri wa ushuru akupe maoni yake kwa maandishi.

Kigezo cha tatu nacho kina mtego wa hesabu. Siku 122 kwa miaka 3 ni siku 366. Mtu aliyekuwa Kenya siku 100 mwaka wa kwanza, 130 wa pili na 140 wa tatu amefikisha 370, wastani wa zaidi kidogo ya 123. Hakuna mwaka hata mmoja aliokaribia 183, na bado ni mkaazi katika mwaka wa tatu. Wanaofanya kazi kwa kompyuta na kukaa nyumbani miezi minne kila mwaka wanaangukia hapa bila habari. Tengeneza jedwali la siku zako: tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka, jumla. Siku ya kuwasili na ya kuondoka zihesabu zote ili uwe upande salama. Usitegemee mihuri ya pasipoti peke yake, kwa sababu viwanja vingi vya ndege vina milango ya kielektroniki isiyogonga muhuri. Weka tiketi na pasi za kupandia ndege katika folda moja kwa kila mwaka.

Kwa nini nasisitiza hili kabla ya fomu? Kwa sababu viwango vingi vya ushuru vinavyofuata vinategemea jibu hilo. Chukua nyumba unayopangisha kwa shilingi 25,000 kwa mwezi, yaani 300,000 kwa mwaka. Mkaazi anayepokea kodi za nyumba (pango la wapangaji) zaidi ya 288,000 na zisizozidi milioni 15 kwa mwaka anaingia katika ushuru wa kila mwezi wa mapato ya nyumba, ambao tangu 1 Januari 2024 ni asilimia 7.5 ya kodi yote bila kutoa gharama. Zamani ulikuwa asilimia 10. Anayelipa hivyo anatoa shilingi 1,875 kwa mwezi. Asiye mkaazi hana nafasi katika utaratibu huo. Yeye anakatwa asilimia 30 ya kodi yote, na anayekata ni yule anayemlipa, awe mpangaji au wakala. Hiyo ni shilingi 7,500 kwa mwezi kwa nyumba ileile, mpangaji yuleyule.

Mtu akiona tofauti hiyo hukimbilia kujiita mkaazi, na hapo anafungua mlango mwingine. Mkaazi anatozwa ushuru wa Kenya kwa mshahara wake wa ajira hata kama kazi ameifanyia Doha au Manchester. Huwezi kuwa mkaazi kwa kodi ya nyumba na mgeni kwa mshahara. PIN ni moja na ritani ni moja. Ukichagua upande kwa sababu ya nyumba tu, ipo siku utaulizwa kuhusu mshahara.

Kuna nafuu, lakini lazima idaiwe kwenye ritani. Raia wa Kenya aliye mkaazi anaruhusiwa kupunguza ushuru wake wa Kenya kwa ushuru aliolipa nje juu ya mshahara huohuo. Ulicholipa nje kikizidi ambacho Kenya ingekutoza, hudaiwi kitu zaidi, na ziada hurudishiwi. Kikiwa kidogo, unalipa tofauti. Aliye Ujerumani au Denmark kwa kawaida haoni deni kubwa, kwa sababu viwango vya huko ni vya juu. Aliye katika nchi ya Ghuba isiyotoza ushuru wa mishahara hana cha kupunguza, na ngazi za Kenya zinamfikia zote: asilimia 10 kwa 288,000 za kwanza za mwaka, 25 kwa 100,000 zinazofuata, kisha 30 hadi jumla ya milioni 6, 32.5 hadi milioni 9.6, na 35 kwa zinazozidi hapo. Ndiyo maana ndugu zetu walio Ghuba wanapaswa kulichukulia swali la makao ya kudumu kwa uzito kuliko sisi wengine, ingawa mara nyingi wao ndio hawaambiwi na mtu.

Kenya ina mikataba ya kuzuia kutozwa mara mbili na nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza, Ujerumani, Kanada, Ufaransa, Uswidi, Norwe, Denmark na India. Mkataba husaidia pale nchi zote mbili zinapokuhesabu kuwa mkaazi wake, kwani una mpangilio wa kuamua ni nchi gani iliyo na haki ya kwanza. Ila hautumiki wenyewe. Unahitaji cheti cha ukaazi wa kiushuru kutoka mamlaka ya ushuru ya nchi unakoishi, cha mwaka unaohusika. Kiombe mapema. Marekani haina mkataba wa aina hiyo unaotumika na Kenya, kwa hiyo aliye Dallas au Minneapolis anategemea nafuu iliyo ndani ya sheria ya kila nchi peke yake.

Tena, kuna kundi ambalo ukaazi hauliokoi: wanaoishi nje lakini mwajiri wao ni kampuni iliyo Kenya. Mshahara unaolipwa na mwajiri mkaazi wa Kenya hutozwa ushuru Kenya hata kama mfanyakazi si mkaazi. PAYE, ushuru ambao mwajiri hukata kwenye mshahara kila mwezi, inaendelea kukatwa, na asiye mkaazi hapati nafuu ya kibinafsi, yaani punguzo la ushuru la shilingi 2,400 kwa mwezi.

Mwaka wa kuondoka ndio wenye pesa za kurudishiwa, na ndio unaoachwa zaidi. PAYE hukatwa mwezi kwa mwezi kana kwamba utafanya kazi mwaka mzima. Ukiacha kazi katikati ya mwaka, ngazi za chini za mwaka zinabaki hazijajaa. Mfano: mshahara wa 100,000 kuanzia Januari hadi Mei, tukiacha kando NSSF na makato mengine. Kila mwezi PAYE ni kama 22,383, na kwa miezi mitano ni karibu 111,900. Ukipiga hesabu ya mwaka kwa hizo 500,000: 28,800 kwa ngazi ya kwanza, 25,000 kwa ya pili, 33,600 kwa zile 112,000 zilizobaki. Jumla 87,400. Ondoa nafuu ya kibinafsi, hata ukiihesabu kwa miezi mitano tu, yaani 12,000, unabaki na 75,400. Umelipa zaidi kwa shilingi 36,500 hivi. Pesa hizo haziji zenyewe. Unawasilisha ritani kwa kutumia fomu ya P9 ya mwajiri, inayoonyesha mshahara na PAYE ya mwaka, ritani inaonyesha umelipa kupita kiasi, kisha unawasilisha ombi la kurudishiwa, na unayo miaka 5 ya kufanya hivyo.

Mambo mawili huharibu ombi hilo. Moja ni P9 kukosekana, maana kampuni imebadilisha mhasibu au imefungwa. Iombe kabla ya siku yako ya mwisho kazini, na mwezi wa kuondoka ukifika linganisha P9 na hati zako za mshahara, mwezi kwa mwezi. Pili ni akaunti ya benki. Fedha hurudishwa kwa akaunti iliyo kwa jina lako, sasa aliyefunga akaunti zake zote za Kenya wiki ya kusafiri amejifungia njia. Acha moja hai, ya benki au Sacco yenye huduma za benki, hata ikiwa na salio dogo. Na mwaka huo usiwasilishe ritani ya sufuri kwa kuwa tu "nilishahama". Ulikuwa na mapato, na mwajiri ameshayaripoti chini ya PIN yako.

Sasa tuje kwenye kuingia iTax, mfumo wa mtandaoni wa KRA, kwa sababu hapo ndipo kazi hukwama kabla haijaanza. Unaingia kwa PIN, nenosiri, na jibu la hesabu ndogo ya kujumlisha au kutoa inayoonyeshwa kwenye skrini. Nenosiri likipotea, jipya hutumwa kwa barua pepe iliyosajiliwa. Ni barua pepe ipi hiyo? Wengi walifunguliwa PIN saiba wakiwa wanaomba mkopo wa masomo wa HELB au kazi ya kwanza, na mhudumu akaunda anwani papo hapo, mwenyewe hakupewa hata nenosiri lake. Wengine walisajili anwani ya kazini, ambayo ilizimwa walipoacha kazi. Nambari ya simu nayo ni laini ya Kenya ambayo ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa na nambari kupewa mtu mwingine. Ukiwa Toronto, bila barua pepe na bila laini, huna njia ya kuthibitisha kwamba wewe ni wewe, na kubadilisha anwani kunageuka kuwa mawasiliano marefu yenye nakala za kitambulisho na barua za maombi.

Kwa hiyo kama bado hujasafiri, fanya hivi wiki hii: ingia, fungua sehemu ya kurekebisha maelezo ya PIN, weka barua pepe yako binafsi ambayo hutaibadilisha, weka nambari ya simu utakayoendelea kuitunza, kisha toka na uingie tena ili uhakikishe. Laini ya Kenya iweke katika hali ya kupokea ujumbe nje ya nchi na uitumie mara kwa mara; ujumbe mmoja au ununuzi mdogo wa muda wa maongezi unaiweka hai. Nenosiri la iTax usimpe binamu wala mhudumu wa saiba. Anayeingia kwa nenosiri lako anawasilisha kwa jina lako, na makosa yake ni yako kisheria.

Ukiwa humo humo, tazama wajibu uliosajiliwa. Ushuru wa mapato wa mkaazi na wa asiye mkaazi ni wajibu mbili tofauti kwenye mfumo. Ukishaamua kwamba si mkaazi, badilisha wajibu huo, la sivyo ule wa zamani utaendelea kudai ritani kila mwaka na kukusanya faini huku wewe ukijaza mwingine. Wajibu wa mapato ya nyumba uongezwe kama una wapangaji, na ule wa biashara uliyofunga uombwe kusimamishwa. Kusimamisha PIN yote sikushauri. Bila PIN huwezi kuhamisha hati ya ardhi, kusajili gari, kuunganishiwa umeme kwenye nyumba unayoijenga, wala kufungua akaunti ya benki, na watu wa ughaibuni ndio hasa wanaofanya mambo hayo wakiwa mbali.

Ritani ya sufuri, kwa asiye na mapato yoyote Kenya, ni kazi ya dakika chache. Chagua ritani ya sufuri kwenye orodha ya ritani, chagua wajibu, weka kipindi cha 1 Januari hadi 31 Desemba, wasilisha, kisha pakua stakabadhi ya kupokelewa. Stakabadhi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Iweke kwa jina la mwaka wake.

Mwenye mshahara wa mwajiri mmoja tu anaweza kutumia fomu fupi ya mtandaoni. Mwenye kodi ya nyumba ya mwaka, ushuru wa nje wa kupunguza, au biashara, anahitaji jedwali la Excel linalopakuliwa kutoka iTax, na jedwali hilo lina tabia zake. Linahitaji Excel kamili kwenye kompyuta. Kwenye simu au programu za majedwali za mtandaoni halifanyi kazi, kwa sababu linaendeshwa na makro, yaani programu ndogo zilizo ndani ya faili. Ukilipakua, Windows huweza kuzuia makro za faili lililotoka intaneti: funga faili, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu yake, fungua sifa zake (Properties), weka alama ya kuruhusu (Unblock), kisha lifungue upya. Jaza kurasa kwa mpangilio wake, maana majibu ya ukurasa wa kwanza ndiyo yanayofungua au kuficha kurasa zinazofuata. Mwisho unabonyeza kitufe cha kukagua, na kama hakuna kosa linatengeneza faili la zip. Hilo lipakie lilivyo. Usilifungue, usilibadilishe jina.

Kosa linalowasumbua hasa walio Marekani ni la tarehe. Kompyuta iliyonunuliwa huko imepangwa mwezi kwanza, siku baadaye, na jedwali linataka siku kwanza. Unaandika 03/05 ukimaanisha tarehe tatu Mei, mashine inasoma tano Machi. Ukiandika 25/05 inakataa kabisa. Watu hupoteza jioni nzima wakitafuta kosa kwenye takwimu wakati kosa liko kwenye mpangilio wa kompyuta. Nenda kwenye mipangilio ya eneo, chagua Kiingereza cha Uingereza au weka mfumo wa siku, mwezi, mwaka, funga Excel, na uanze na nakala mpya ya jedwali. Takwimu zote ziwe kwa shilingi, na kwa mshahara wa nje tumia viwango vya Benki Kuu ya Kenya, ukihifadhi ukurasa wa viwango uliotumia.

Kodi ya nyumba kwa mkaazi inawasilishwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mwezi ambao mpangaji hakulipa au nyumba ilikuwa tupu unawasilisha sufuri, usiuruke. Baada ya kuwasilisha, mfumo unakutengenezea nambari ya malipo, PRN, na unalipa kupitia benki au M-Pesa ukitumia nambari hiyo. Anayelipa bila kuwasilisha kwanza, au anayechagua aina ya ushuru isiyo sahihi wakati wa kutengeneza PRN, pesa zake huingia kwenye leja nyingine: upande mmoja unaonyesha deni, upande mwingine unaonyesha salio, na kuzihamisha kunahitaji maombi. Wakala akikulipia, hakikisha PRN imetoka kwenye PIN yako. Ikitoka kwenye yake, amelipa ushuru wake. Na kama mwaka huo si mkaazi, kazi ya wakala ni nyingine: anakata asilimia 30 na kuiwasilisha ndani ya siku 5 za kazi, kisha cheti cha makato kinatokea kwenye PIN yako. Mwombe cheti hicho, si ujumbe wa WhatsApp unaosema "nimeshalipa".

Gawio la hisa pia kwa kawaida linafuata ukaazi: asilimia 5 kwa mkaazi, 15 kwa asiye mkaazi. Mjulishe wakala wako wa hisa kwa maandishi hali yako inapobadilika.

Uuzaji wa ardhi unastahili uangalifu wa pekee, maana hapo kiasi ni kikubwa na wengi huuza wakiwa mbali. Ushuru wa faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu 1 Januari 2023. Kabla ya hapo ulikuwa 5. Faida ni bei ya kuuza ukiondoa bei ya kununua, gharama za kununua na kuuza, na gharama za kuboresha. Nyumba uliyoijenga kwa kutuma pesa kwa miaka sita ina gharama za kuboresha chungu nzima, lakini ukiwa na ujumbe wa M-Pesa kwa ndugu pekee, ni vigumu kuonyesha kwamba zilikuwa mawe, mabati na fundi. Kila awamu ya ujenzi iwe na risiti zenye jina lako, makubaliano na mkandarasi, na taarifa ya benki inayolingana nazo. Makao yako binafsi huondolewa ushuru huo kama uliishi humo mfululizo kwa miaka 3 iliyotangulia mauzo moja kwa moja, na aliyehama na kuipangisha nyumba amepoteza nafasi hiyo. Ardhi yenye thamani isiyozidi milioni 3 imeondolewa, na vilevile ardhi ya kilimo chini ya ekari 50 iliyo nje ya miji. Angalia haya kabla ya kukubaliana bei. Kama ndugu atasaini kwa niaba yako, hati ya uwakilishi isainiwe mbele ya mthibitishaji au ubalozi, isajiliwe Kenya, na itaje kiwanja kwa nambari yake.

Barua za KRA hukimbia kuliko tunavyodhani. Ukipelekewa makadirio ya ushuru usiyoyakubali, una siku 30 za kupinga kwa maandishi, ukieleza sababu, kiasi unachokipinga, na kuambatisha hati. Sehemu usiyoipinga uilipe. Barua pepe iliyokufa imewafanya watu wengi kupitwa na siku hizo bila kujua. Sheria ya Taratibu za Ushuru inaruhusu kuomba muda zaidi, na moja ya sababu inazozitaja waziwazi ni kutokuwepo Kenya. Nyingine ni ugonjwa. Tumia sababu hiyo, ambatisha kurasa za pasipoti na tiketi, na uwasilishe pingamizi lenyewe pamoja na ombi, bila kusubiri jibu.

Kwa miaka iliyopita ambayo hukuwasilisha kitu, anza na wa zamani zaidi na uje mbele. Miaka saba ya sufuri kwa faini ya 2,000 ni shilingi 14,000. Inauma, lakini haizidi kulipa mtu "wa ndani" anayeahidi kufuta. Ushuru wenyewe ukichelewa huongezewa asilimia 5 mara moja na riba ya asilimia 1 kwa mwezi, na riba hiyo hairuhusiwi kuzidi ushuru wenyewe. Msamaha wa faini na riba kwa vipindi vya hadi 31 Desemba 2023 ulitaka ushuru uwe umelipwa kufikia 30 Juni 2025, kwa hiyo anayekuuzia msamaha huo leo anakudanganya. Kama uliwasilisha sufuri kimakosa, ritani inaweza kurekebishwa ndani ya miaka 5. Ni huo huo muda ambao kumbukumbu zako zote zinapaswa kuwepo.

Nchi unakoishi nayo itauliza habari za Kenya, na mwaka wake huenda usilingane. Mwaka wa ushuru wa Uingereza huanza 6 Aprili na kuishia 5 Aprili, kwa hiyo jumla ya kodi ya nyumba ya Januari hadi Desemba haikusaidii huko. Unahitaji orodha ya kila malipo na tarehe yake. Marekani mwaka ni wa kalenda, lakini aliye mkaazi huko anaripoti pia akaunti za nje ikiwa jumla yake ilizidi dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, zikiwemo za benki alizoziacha Nairobi. Jedwali moja lenye tarehe, kiasi, mpangaji, ushuru uliokatwa na nambari ya PRN linatosheleza pande zote mbili.

Ukipanga kurudi moja kwa moja, tazama kalenda. Mwenye makao ya kudumu Kenya anakuwa mkaazi mwaka wa kurudi hata akitua Desemba, na mshahara wa nje wa mwaka huo unaingia kwenye ritani pamoja na ushuru uliolipwa huko. Asiye na makao ya kudumu anaangalia siku: kuanzia 2 Julai hadi 31 Desemba ni siku 183 kamili, kwa hiyo anayetua 2 Julai ameshafika, na anayetua siku inayofuata ana 182, mradi hakuja mapema mwaka huo na wastani wa miaka mitatu haumfikii. Hati ya mwisho ya mapato ya mwaka na uthibitisho wa ushuru uliolipwa uziombe kwa mwajiri wa nje kabla hujaondoka, na umwachie anwani ya barua pepe isiyo ya kazini, kwa sababu hati hizo mara nyingi hutoka miezi kadhaa baada ya wewe kufunga mizigo.